Laki na nusu, begi la laptopu na muziki wa njiani

“Shikamoo fundi. Nina miaka 27, naishi Mjimwema, Kigamboni, kazini kwangu ni Magomeni. Jumatatu hadi Jumamosi napanda daladala mpaka Feri, navuka kwa pantoni, halafu nachukua mwendokasi Kivukoni. Saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Nabeba laptopu ya ofisi ya inchi 15.6. Mwezi uliopita kioo chake kilipasuka ndani ya begi, na naapa sikuliangusha. Nimekatwa mshahara. Begi lenyewe ni la kuning’iniza bega moja, na siku hizi bega la kulia linaniuma mpaka shingoni. Nimetenga 150,000 ninunue begi jipya na kidude cha kusikilizia muziki, kwa sababu nikisikilizia kwenye simu chaji haifiki jioni, na tena nilishakwapuliwa simu dirishani. Kariakoo nimeona begi gumu la kuzuia wezi, lina tundu la USB, wanasema haliingizi maji, 85,000. Kuna na kidude cha MP3 cha GB 64 kwa 30,000. Ila mwenzangu wa ofisini anasema MP3 inaua sauti, nitafute kinachopiga muziki wa ubora wa studio. Mimi napenda zilipendwa na kwaya. Nishauri fundi, nimechanganyikiwa.”

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kioo, na pole zaidi kwa mshahara. Umeuliza juu ya vitu viwili vya kununua, lakini humo ndani nimeona maswali matatu: kioo kilipasukaje bila kuanguka, bega linauma kwa nini, na muziki wa njiani uupate vipi bila kuiweka simu hatarini. Nitayajibu yote. Ila nisije nikakuchelewesha ukapita Kariakoo kabla hujamaliza kusoma: lile begi gumu liache, kile kidude cha GB 64 kiache, na fedha uliyonayo inatosha.

Tuanze na kioo, maana usipojua kilichokivunja utanunua begi la 85,000 na litakivunja tena.

Laptopu nyingi zenye ufa zinazofika mezani kwangu, mwenyewe huja akiapa kama ulivyoapa wewe. Zamani nilikuwa natikisa kichwa tu. Siku hizi naamini, kwa sababu nimeona jinsi inavyotokea. Kioo cha laptopu si kimoja kama cha dirisha. Ni vioo viwili vyembamba, kila kimoja hakifiki unene wa milimita moja, vimebanwa pamoja na katikati yake umo umajimaji unaofanya picha ionekane. Nyuma yake kuna mfuniko wa plastiki au bati jepesi. Ukiubonyeza mfuniko kwa kiganja kizima, nguvu inatawanyika na hakitokei kitu. Ukiubonyeza kwa ncha, nguvu ile ile inakusanyika mahali padogo kama punje ya mchele, mfuniko unabonyea, kioo kinapinda kwa ndani, na kinaachia.

Kuna mteja alinijia na laptopu yenye doa jeusi la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, na kutoka kwenye doa hilo nyufa zimesambaa kama utando wa buibui. Nikamwomba alete na begi. Nikairudisha laptopu ndani kama anavyoiweka yeye, nikamwambia atie chaja kama anavyoitia kila siku, kisha nikaliminya begi kwa nje, taratibu. Tulipolifungua, ile pini ndefu ya plagi ilikuwa imekaa juu ya doa lile lile, upande wa mfuniko, na kwenye mfuniko kuna mkwaruzo mdogo ambao hakuwahi kuuona. Plagi zetu za pini tatu ni nene, ngumu na zina kona. Iweke plagi kama hiyo kati ya laptopu na watu 3 wanaokusukuma mlangoni Kivukoni saa 12 asubuhi, huhitaji kuangusha chochote.

Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichokupata, kwa sababu sikuliona begi lako. Ila kaangalie mfuniko wa laptopu yenyewe, upande wa nyuma ya pale ufa ulipoanzia, kama bado hawajaubadilisha. Na kama siyo plagi, basi huwa ni panya wa kompyuta, funguo, au kona ya kontena la chakula. Adui wa kioo anasafiri ndani ya begi pamoja nacho.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haina gharama: omba ofisini upewe chaja ya pili ibaki Magomeni, nyingine ibaki nyumbani. Wakikataa, chaja ikae kwenye mfuko wake wa mbele au wa pembeni, pini zimefungwa kwa soksi kuukuu, isikae kamwe kwenye mfuko mmoja na laptopu. Halafu jifunze kuiingiza laptopu mfuniko ukielekea mgongoni mwako na tumbo lake likielekea vitu vingine. Tumbo ni gumu kuliko mfuniko, na mgongo wako ni bapa na laini kuliko kontena la ugali.

Na kabla hujaiingiza, izime kabisa. Kuikunja tu kunailaza usingizi, na mara nyingine inaamka yenyewe humo ndani na kujipika mpaka betri inaumuka. Kama ni ya miaka ya nyuma yenye diski inayozunguka, nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kimeelea juu ya diski kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Mtu anakunja laptopu, anaitupia begini hapo hapo, anakimbilia daladala. Diski bado haijasimama.

Sasa begi. Kosa la kwanza la wanunuzi ni hizo inchi. Inchi 15.6 ni kipimo cha kioo kutoka kona hadi kona ya mshazari, sentimita 39 na nusu hivi. Hakikuambii laptopu ina upana gani. Za sasa zenye fremu nyembamba huwa na upana wa sentimita 36 hivi, za zamani hufika 38, na nimeona begi lililoandikwa 15.6 likigoma kufunga zipu kwa laptopu ya 15.6. Nenda na laptopu yenyewe dukani, au ukiogopa kutembea nayo Msimbazi, ipime kwa rula upana, urefu na unene, ukate boksi la saizi hiyo ukaingize kila begi unaloonyeshwa. Muuzaji atakushangaa. Mwache ashangae.

Kosa la pili ni kuangalia sponji ya ubavuni na kusahau kitako. Fanya hivi: ingiza mkono mmoja kwenye mfuko wa laptopu mpaka mwisho, mkono mwingine shika kitako cha begi kwa nje. Vidole vikikutana na kati yake hakuna kitu ila kitambaa, rudisha begi. Mfuko mzuri wa laptopu huishia juu kidogo, vidole viwili au vitatu kutoka chini, kwa hiyo laptopu inaning’inia. Unapolitua begi kwenye sakafu ya chuma ya pantoni, kitako ndicho kinachogonga, laptopu haigongi. Mabegi mengi ya bei poa yana sponji nene mgongoni na kitako kitupu, kwa sababu mgongoni ndiko mnunuzi anakobonyeza kwa kidole.

Hilo begi gumu nisiliseme vibaya kwa kila kitu. Zipu yake iliyofichwa upande wa mgongoni ni jambo zuri sana kwa mtu wa mwendokasi, na nikiwa natafuta begi ningependa walau mfuko mmoja wa namna hiyo kwa ajili ya simu na pochi. Lakini ugumu wa nje hauizuii plagi iliyo ndani. Ganda lile halipanuki, kwa hiyo ukiweka chakula, koti na chaja, kila kimoja kinasukuma laptopu. Na tundu la USB ni waya tu wa kurefusha. Halina umeme wowote mpaka ununue pawabenki na kuichomeka kwa ndani, kisha utembee na betri inayopata joto ndani ya begi lililobanwa na watu. Tena tundu lenyewe ni mlango wa maji. Ungelipia kitu usichokihitaji.

Tukija kwenye hayo maji: “haliingizi maji” ni maneno ya dukani. Kitambaa cha nailoni au poliesta kimepakwa utando mwembamba wa plastiki upande wa ndani, na huo kweli unazuia. Ila maji ya masika hayapiti kwenye kitambaa, yanapita kwenye matundu ya sindano ya mshono na kati ya meno ya zipu. Begi linaweza kustahimili manyunyu ya kutoka kituoni hadi ofisini likashindwa na dakika 10 za mvua ya Aprili ukiwa umesimama foleni ya pantoni. Zamani tulikuwa tunaivisha laptopu mfuko wa rambo na mambo yanaisha, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Tafuta begi lenye kifuniko cha mvua kilichofichwa kitakoni, au mpe fundi cherehani kipande cha turubai jepesi akushonee kofia ya begi yenye lastiki pembeni. Hiyo itakufaa kuliko maandishi yoyote ya dukani.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: ule utando wa ndani hufa. Joto na unyevunyevu wa Dar huuvunja taratibu, miaka michache baadaye unaanza kunata, halafu unabanduka magamba meupe yanayoingia mpaka kwenye kibodi. Ngozi bandia nayo inakufa kwa ugonjwa huo huo. Kwa hiyo popote utakaponunua, pitisha dole gumba kwenye bitana, usugue. Likinata, au ukinusa harufu kama ya uchachu, liache hata liwe zuri vipi.

Nalisema hili kwa sababu nataka upite Karume kabla ya Kariakoo. Kwenye mitumba ya Ilala kuna mabegi yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaotembea kwa miguu kila siku kwenye mvua na theluji, na kwa nusu ya bei ya lile gumu unapata nailoni nene, mikanda mipana na zipu ya maana. Ubaya wake ni kwamba lazima uwe na jicho, uende asubuhi, na ukubali kwamba begi limeshatumika. Kama huna muda wa kuchambua, jipya la Kariakoo si dhambi, ila vipimo ni vile vile.

Kitambaa chenyewe mara nyingi kina namba yenye herufi D kwenye lebo, 300D, 600D, 900D. Ni uzito wa uzi kwa gramu ukinyooshwa mita 9,000, yaani namba ikipanda uzi ni mnene zaidi. Kwa laptopu ya kila siku usishuke chini ya 600D ikiwa ni poliesta.

Zipu ndiyo inayokufa kwanza. Geuza kishikio uangalie nyuma yake, mara nyingi pameandikwa 5, 8 au 10, takriban upana wa meno kwa milimita yakiwa yamefungwa. Mlango mkubwa wa begi uwe na 8 au 10. Ukiona YKK, hao ni Wajapani waliokuwapo tangu 1934 na zipu zao ni nzuri, lakini jina hilo linaigwa sana, kwa hiyo amini mkono wako: fungua na ufunge kwa mkono mmoja ukipita kwenye kona. Ikikwama dukani begi likiwa tupu, itakwama Feri likiwa limejaa. Kwa mtu anayevuka bahari mara mbili kwa siku, chagua meno ya nailoni au plastiki, ya chuma yanaliwa na chumvi.

Mwisho wa begi ni mashina ya mikanda, pale mkanda unapoingia mwilini mwa begi. Unataka kuona mshono wa mraba wenye msalaba katikati, au mishono iliyorudiwa mara nyingi hadi imekuwa mnene. Ukiona mstari mmoja tu wa uzi na begi lingine lote umelipenda, usivunjike moyo. Fundi viatu ana uzi wa nta na sindano ya kutosha, mpe siku hiyo hiyo arudie mashina yote mawili na mpini wa juu. Ni kazi ya dakika 20.

Bega lako sasa. Mimi si daktari, lakini mzigo nauelewa. Laptopu yako ni kilo 2 au zaidi, chaja ni kama theluthi ya kilo, maji lita moja ni kilo nzima, chakula, na begi lenyewe. Tayari umepita kilo 4. Ukizining’iniza bega moja, mwili utaanguka upande huo kama hautajizuia, kwa hiyo misuli ya shingo na ya upande wa pili wa mgongo inavuta muda wote ili usimame wima. Inavuta saa 3 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Ndiyo maana maumivu yanapanda shingoni.

Begi la mgongoni lenye mikanda miwili linagawa kazi hiyo sawa kwa sawa, lakini likifungwa vizuri tu. Kitu kizito, yaani laptopu, kikae karibu kabisa na mgongo, kwa sababu kila kinavyosogea nyuma ndivyo kinavyokuvuta, na wewe unainamia mbele kukipinga. Kaza mikanda mpaka kitako cha begi kikae kiunoni, kisigonge makalio. Mikanda iwe mipana, vidole vinne, yenye sponji isiyobonyea yote ukiiminya. Ukiwa ndani ya mwendokasi uliojaa, lihamishie kifuani kama wengi wanavyofanya, na mkono mmoja ulishike kwa chini.

Ukishabadilisha begi, jipe wiki 2 au 3. Maumivu yasipopungua, au hata leo kama unasikia ganzi, sindano sindano vidoleni au mkono kukosa nguvu, usisubiri begi wala mafuta ya kuchua. Nenda kituo cha afya wakuone, na wakiona inabidi watakuandikia rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia au Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Ganzi ni habari ya mshipa wa fahamu, na hiyo haitibiwi na fundi.

Tuje kwenye muziki, ambako naona unataka kutumia fedha nyingi mahali pasipohitaji.

Kwanza, simu yako haimalizwi na muziki. Inamalizwa na kioo kinachowaka na bando linalotafuta mtandao. Mtu akisikiliza wimbo kwenye video ya mtandaoni, simu inavuta data, inaonyesha picha na inawaka kwa wakati mmoja. Wimbo ule ule ukiwa umehifadhiwa ndani ya simu na kioo kimezimwa hula chaji kidogo sana. Jaribu wiki hii kabla hujanunua chochote.

Hata hivyo hofu yako ya kukwapuliwa naielewa, na sikushauri utoe simu dirishani ili kubadilisha wimbo. Humo simuni kuna pesa zako na namba za watu wako. Ndiyo maana pendekezo langu litakushangaza: nunua kitochi. Simu ndogo ya batani yenye nafasi ya memori kadi, tundu la hedifoni la milimita 3.5 na redio ya FM. Inapiga MP3, betri yake inakaa siku kadhaa, nyimbo unaruka kwa batani bila kuitoa mfukoni, na ukiibiwa hujapoteza maisha yako. Ukitaka redio, jua kwamba waya wa hedifoni ndio antena yake, kwa hiyo Bluetooth haitakupa redio. Kama una simu janja ya zamani drooni yenye kioo kilichochoka, hiyo nayo inafaa, itoe laini uitumie kwa muziki peke yake, na hapo hutumii hata shilingi.

Vicheza muziki halisi bado vipo. Sony wanaendelea kutoa Walkman, jina walilolianza mwaka 1979. Apple waliacha kutengeneza iPod Mei 2022, kwa hiyo zile zinazouzwa mitaani betri zake zimezeeka. Ni vitu vizuri, ila kizuri cha kweli hakipatikani kwenye bajeti yako ukishaondoa begi.

Na kile cha GB 64 kwa 30,000? Hapa nina wasiwasi mkubwa. Kuna kadi na vidude ambavyo ubongo wake umeandikwa udanganye. Ndani kuna GB 4 au 8 za kweli, lakini ukichomeka kwenye kompyuta kinajibu 64. Nyimbo za mwanzo zinaingia na kupiga vizuri. Ukipita kiasi cha kweli, zinazofuata zinaandikwa juu ya zile za mwanzo au zinapotea tu, na majina yake bado unayaona kwenye orodha. Mtu anakuja kwangu akisema kadi imeingia kirusi. Haina kirusi, haikuwa na nafasi tangu siku ya kwanza. Kipimo chake ni kuijaza mpaka juu kisha kusoma kila kitu upya. Kwenye Windows kuna programu ya bure inayoitwa H2testw inafanya kazi hiyo, iache usiku kucha. Kwa sababu dukani huwezi kusubiri hivyo, nunua kwenye duka lenye mlango, dai risiti ya EFD, na mkubaliane mapema kwamba ikishindwa unairudisha.

Wala huhitaji hizo 64. Tupige hesabu. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 1 kwa dakika. GB 16 zitakupa saa 277 hivi. Wewe uko njiani saa 18 kwa wiki, kwa hiyo ungesafiri wiki 15 bila wimbo kujirudia. Chukua 16, au 32 ukitaka kutunza nyimbo za ubora wa juu. Usizidi 32 kwa sababu nyingine pia: kadi za 64 na kuendelea hutoka kiwandani na mpangilio wa mafaili ambao vitochi vingi havijui kuusoma, na utadhani kadi ni mbovu. Jambo dogo la kukuokolea hasira: vidude vingi vya bei ndogo hupanga nyimbo kwa mfuatano ulioziingiza, havifuati alfabeti. Ingiza folda moja moja, kwaya kwanza, zilipendwa baadaye, kwa utaratibu unaoutaka.

Mwenzako wa ofisini hajadanganya, amevuka mpaka kidogo. MP3 hutupa sehemu za sauti, ni kweli. Hutupa zile ambazo sikio halizishiki kwa sababu sauti kubwa iliyo jirani imezifunika, kama usivyosikia mtu akinong’ona karibu na ngoma. Kwenye kilobiti 128, ukiwa chumbani kimya na hedifoni nzuri, unaweza kusikia matoazi yakilia kama maji yanayomwagika. Kwenye 320, watu wengi, mimi nikiwamo, hatutofautishi na CD. Na CD yenyewe huchukua vipimo 44,100 kila sekunde, inatosha kubeba sauti hadi mitetemo 22,000, wakati sikio la kijana hukomea kama 20,000. Zaidi ya hapo unalipia namba. Zilipendwa zako nyingi zilitolewa kwenye kaseti, ule mchakacho unaousikia uliingia kabla ya MP3 na hakuna mashine ya studio itakayouondoa. Kuubadilisha wimbo wa 128 uwe faili kubwa la “ubora wa juu” nako hakurudishi kilichokwisha kutupwa.

Kinachoua muziki wako ni kelele ya njiani: injini, honi, konda, na spika ya daladala yenyewe. Ukivaa hedifoni zinazokaa mlangoni mwa sikio, kelele inaingia pembeni, na wewe unaongeza sauti ili uizidi. Hapo ndipo ninapokuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu kioo kinabadilishwa na sikio halibadilishwi. Ndani ya sikio kuna vijinywele vinavyogeuza mtetemo kuwa ujumbe wa ubongo, na vikifa havioti tena.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango kwa watu wazima: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwenye 83 una saa 20, na wewe na saa zako 18 bado uko salama. Kwenye 86 una saa 10. Kwenye 89 una saa 5, ambazo kwa safari zako zinaisha Jumanne jioni ukiwa unarudi, na wiki ndiyo kwanza imeanza. Tofauti ya 83 na 89 kwenye basi lenye kelele ni kubonyeza batani mara chache tu, bila hata kufikiri.

Kwa hiyo fedha ya “sauti nzuri” iweke kwenye hedifoni za kuchomeka ndani ya sikio zenye vifuniko vya mpira vya saizi tatu. Jaribu zote tatu, na usishangae sikio la kulia likitaka saizi tofauti na la kushoto. Zikikaa sawasawa, mlio wa nje unashuka ghafla, besi inajaa, na unasikiliza kwa sauti ndogo. Weka sauti ukiwa nyumbani kwenye utulivu, isizidi asilimia 60 ya mwisho wake, na ukifika kwenye daladala usiipandishe. Chukua za waya, hazihitaji chaji, na zikichomoka sikioni kwenye pantoni hazitumbukii baharini. Ila ukishuka Kivukoni kuvuka barabara, toa sikio moja. Bodaboda haina subira.

Ukirudi nyumbani ukakuta masikio yanavuma, au unawaomba watu warudie maneno, punguza mara moja, na hali ikiendelea siku kadhaa nenda kliniki ya masikio, pua na koo. Sikio moja likiziba usikivu ghafla, hata bila maumivu, nenda siku hiyo hiyo. Hilo lina dirisha fupi la kutibika.

Kwa laki na nusu yako ningegawa hivi: begi lisizidi 70,000, pamoja na fundi viatu na kofia ya turubai. Kitochi na kadi 50,000, kama huna simu ya zamani. Hedifoni 20,000. Elfu 10 zinazobaki ni nauli ya kwenda Karume na Kariakoo bila haraka, Jumapili isiyo ya kazi ikiwezekana maduka yakiwa wazi, au uombe ruhusa Jumamosi mchana. Begi ndilo lipate fedha kwanza. Ukikuta zuri la 80,000 lenye mfuko unaoning’inia na mashina imara, lichukue na kitochi kisubiri mwezi ujao.

Na kadi ukishainunua, ijaribu usiku ule ule, risiti ikiwa bado haijafifia.